Unyanyasaji kazini katika vyuo vikuu vya Tanzania

Unyanyasaji kazini katika vyuo vikuu vya Tanzania ni mwenendo wa kumdhalilisha, kumtisha, kumwonea au kumbagua mtu anayefanya kazi chuoni, awe mhadhiri, mkutubi, fundi wa maabara, katibu muhtasi, dereva, mpishi au mlinzi. Unaweza kufanywa na mkubwa wa kazi, mfanyakazi mwenzake, mwanafunzi au mtu wa nje anayehudumiwa na chuo.

Tanzania Bara haina sheria moja inayoshughulikia jambo hili peke yake. Ulinzi wa mfanyakazi umegawanyika kati ya Katiba, sheria za kazi, sheria za utumishi wa umma, sheria ya makosa ya jinai na sheria ya rushwa. Kila sheria ina ofisi yake ya kupokea malalamiko na muda wake. Kwa hiyo lalamiko la kweli linaweza kutupwa kwa sababu tu limepelekwa mahali pasipohusika, au limepelekwa kwa kuchelewa.

## Maana na aina

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unaeleza ukatili na unyanyasaji kazini kuwa ni matendo au vitisho visivyokubalika, viwe vimetokea mara moja au vinajirudia, ambavyo vinakusudia kuleta madhara ya mwili, ya akili, ya kijinsia au ya kiuchumi, au vinaelekea kuyaleta. Kufuatana na maana hiyo, aina zinazotajwa zaidi ni hizi:

* Uonevu: kumtukana au kumfokea mtu mbele ya wenzake, kumtenga, kumnyima vifaa vya kazi, kumpa kazi zisizowezekana ili ashindwe, au kumwandikia barua za kujieleza mfululizo bila sababu ya msingi.
* Unyanyasaji wa kijinsia: maneno, ishara, ujumbe wa simu, kushikwa au kutakwa kimapenzi bila ridhaa.
* Rushwa ya ngono: mwenye madaraka kudai ngono ili atoe ajira, kupandishwa cheo, nafasi ya masomo, safari ya kikazi au alama za mtihani.
* Ubaguzi na upendeleo: kumnyima mtu haki au nafasi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, kabila au mahali alikotoka, dini, ulemavu, umri, hali ya VVU au msimamo wake wa kisiasa.
* Unyanyasaji wa mtandaoni: kumtisha au kumdhalilisha mtu kwa barua pepe au katika makundi ya simu ya idara.

Si kila jambo linaloudhi ni unyanyasaji. Mkuu wa idara anayemkosoa mhadhiri kwa kuchelewesha matokeo ya mitihani, kwa lugha ya staha na kwa kufuata taratibu, anatimiza wajibu wake.

## Kwa nini chuo kikuu ni mahali pa pekee

Katika chuo kikuu mtu mmoja mara nyingi hushika kofia kadhaa. Mkufunzi msaidizi anaweza kuwa mwajiriwa wa idara na wakati huohuo mwanafunzi wa uzamili katika idara hiyohiyo. Profesa anayesimamia utafiti wake ndiye pengine anayepima kazi yake ya mwaka, anayemwandikia barua za mapendekezo na anayeketi katika kamati ya kumpandisha cheo. Akimlalamikia mtu huyo anahatarisha mshahara, shahada na jina lake katika fani kwa pamoja.

Jambo la pili ni kwamba fani nyingi zina wataalamu wachache. Aliyetoka chuo kimoja kwa ugomvi huwakuta watu walewale katika mikutano ya kitaaluma, katika kamati za majarida na katika usaili wa chuo kingine. Wafanyakazi waendeshaji nao wana udhaifu wao, hasa wale wa mikataba mifupi. Wafanya usafi na walinzi mara nyingi huajiriwa na kampuni zinazopewa zabuni, hivyo mwajiri wao kisheria si chuo.

## Historia

Suala hili lilijulikana kwa umma mwezi Februari 1990, alipofariki Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyejiua baada ya kusumbuliwa na kundi la wanafunzi wanaume. Wakati huo kulikuwa na desturi ya maandishi ya ukutani iliyojulikana kwa jina la "Mzee Punch", iliyotumika kuwakejeli na kuwatisha hasa wanafunzi wa kike. Kifo hicho kiliwaamsha wanataaluma wanawake na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987. Kampeni za miaka iliyofuata zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kwa kifupi cha SOSPA.

Mwezi Novemba 2018, Rais John Magufuli alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua maktaba mpya, mhadhiri Vicensia Shule aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Maneno yake yalizua mjadala wa kitaifa. Mwaka 2020 Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilitoa matokeo ya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, ukionyesha kwamba tatizo lipo na kwamba matumizi mabaya ya madaraka ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Mwaka 2021 wizara inayoshughulikia masuala ya jinsia ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na ya kati.

## Sheria zinazohusika

Namba za vifungu zilizotajwa hapa ni za sheria kama zilivyotungwa au kurekebishwa katika miaka iliyoonyeshwa. Zinaweza kutofautiana katika matoleo ya urekebu.

Katiba ya mwaka 1977 inatambua usawa na utu wa kila binadamu (ibara ya 12) na inakataza ubaguzi (ibara ya 13).

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Inataja misingi ya ubaguzi, ikiwemo rangi, kabila au mahali pa asili, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na umri. Kifungu hichohicho kinasema kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa msingi wowote kati ya hiyo ni aina ya ubaguzi. Mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unahamia kwa mwajiri. Kwa upande mwingine, sheria haiutaji kwa jina uonevu usiohusiana na msingi wowote kati ya hiyo. Bosi anayemfokea kila mtu bila kubagua hakamatwi kwa urahisi na kifungu cha 7.

Hata hivyo, kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapojiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D kilichoingizwa na sheria ya mwaka 1998, inafanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Kifungu hicho kinamtaja waziwazi mwenye mamlaka mahali pa kazi anayemtaka mtu kimapenzi bila ridhaa yake.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza uonevu wa mtandaoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 nazo zinakataza ubaguzi kwa makundi zinayoyalinda.

Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na taasisi zake za kazi na za kupambana na rushwa.

## Mahali pa kupata msaada

### Ndani ya chuo

Hatua ya kwanza kwa kawaida ni lalamiko la maandishi kwa mkuu wa idara au kitengo. Kama mkuu huyo ndiye anayelalamikiwa, barua huenda kwa ngazi inayomzidi: amidi wa shule kuu, rasi wa ndaki, ofisa rasilimali watu au naibu makamu mkuu wa chuo. Dawati la jinsia hupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia na rushwa ya ngono, humpa mlalamikaji ushauri nasaha na kumwelekeza kwenye huduma nyingine. Dawati halina mamlaka ya kumwadhibu mtu. Kazi hiyo ni ya mamlaka ya nidhamu.

Anayelalamikiwa naye ana haki ya kujua tuhuma zake, kujibu na kusikilizwa. Adhabu iliyotolewa bila kumsikiliza inaweza kufutwa katika rufaa, na mlalamikaji akajikuta amerudi alipoanzia.

### Chama cha wafanyakazi

Vyama vinavyohusika zaidi ni RAAWU na THTU. Kiongozi wa tawi anaweza kumsaidia mwanachama kuandika lalamiko, kumsindikiza kwenye kikao na kumwakilisha katika usuluhishi. Pale mlalamikaji na mlalamikiwa wanapokuwa wanachama wa chama kimoja, kila mmoja anaweza kuomba mwakilishi wake tofauti.

### Tume ya Utumishi wa Umma

Wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma ni watumishi wa umma. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, kinachomtaka mtumishi kumaliza kwanza njia zote zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kutumia sheria za kazi. Maana yake ni kwamba mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka ya nidhamu hukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na kutoka hapo kwa Rais.

Mahakama ya Rufani ilisisitiza jambo hilo mwaka 2022 katika shauri la Shirika la Posta Tanzania dhidi ya Dominic Kalangi, ilipoamua kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa shirika la umma. Mfanyakazi wa chuo cha umma anayekimbilia kwanza usuluhishi wa kazi anaweza kupoteza miaka kadhaa kabla ya kuambiwa kwamba alianzia pasipostahili.

### Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA)

Chombo hiki kilianzishwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Ndiyo njia kuu kwa wafanyakazi wa vyuo binafsi na kwa wale wa kampuni za usafi na ulinzi. Mgogoro hufunguliwa kwa kujaza fomu namba 1 ya CMA, bila ada. Msuluhishi hujaribu kuwapatanisha wahusika kwanza. Wasipoafikiana, shauri huenda kwa muamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kulingana na aina ya mgogoro.

### Polisi na TAKUKURU

Makosa ya jinai hupelekwa polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vingi. Rushwa ya ngono hupelekwa TAKUKURU, kwa kufika ofisini au kwa kupiga simu ya bure 113. Ni vyema taarifa itolewe wakati ombi la ngono bado halijatekelezwa, kwa kuwa wachunguzi hupata nafasi ya kukusanya ushahidi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakataza kulipiza kisasi kwa anayetoa taarifa kwa nia njema.

Lalamiko la kinidhamu chuoni na shauri la jinai ni mambo mawili tofauti. Kuanzisha moja hakumzuii mtu kuanzisha jingine.

### Vyombo vingine

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya ukiukwaji wa haki na matumizi mabaya ya madaraka katika taasisi za umma. Msaada wa kisheria bila malipo unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Miongoni mwa wanaoutoa ni Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Aliyeshambuliwa kimwili au kingono anahitaji kwanza hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Fomu ya polisi namba 3 (PF3) hutumika kuandika majeraha kwa ajili ya mahakama.

## Muda wa kuzingatia

* Saa 72: kuanza dawa za kinga ya VVU baada ya kushambuliwa kingono.
* Siku 30: kufungua CMA mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali, tangu siku ya kuachishwa.
* Siku 45: kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma baada ya kupokea uamuzi wa mamlaka ya nidhamu.
* Siku 60: kufungua CMA migogoro mingine, tangu mgogoro ulipotokea.
* Siku 60: kuwasilisha lalamiko la unyanyasaji wa kijinsia chini ya kifungu cha 138D, tangu tukio au tukio la mwisho katika mfululizo.

Aliyechelewa kufika CMA anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi. Kusubiri majibu ya kamati ya chuo hakusimamishi siku 60 za kifungu cha 138D.

## Ushahidi

Unyanyasaji mwingi hufanyika bila shahidi, lakini huacha alama. Kumbukumbu ya kila tukio, iliyoandikwa siku hiyohiyo na kuonyesha tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, ina uzito kuliko maelezo yaliyokusanywa baada ya mwaka. Ujumbe wa simu na barua pepe hukubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015; ni vyema usifutwe kwenye kifaa chenyewe hata kama umepigwa picha au kuchapishwa.

Barua ya malalamiko huandikwa nakala mbili. Nakala ya mlalamikaji hugongwa muhuri wa kupokelewa, au upokeaji husainiwa katika daftari la dispachi la masijala. Bila alama hiyo, ofisi inaweza kusema haikupokea chochote. Katika shauri la ubaguzi, ushahidi muhimu mara nyingi ni wa kulinganisha: nani mwingine mwenye sifa kama hizo alipandishwa cheo au kupewa ruhusa ya masomo mwaka uleule.

## Mkoa wa Mara

Mkoani Mara kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho ni chuo cha umma chenye makao makuu Butiama, pamoja na kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mjini Musoma. Vyuo vyote viwili ni vya umma, hivyo wafanyakazi wake wanahusika na kifungu cha 32A kilichoelezwa hapo juu.

Mfano wa mtu anayeishi Nyasura, kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, unaonyesha jinsi huduma zilivyotawanyika. Polisi na TAKUKURU ngazi ya wilaya anaweza kuwafikia Bunda mjini. Ofisi ya CMA na masjala ndogo ya Mahakama Kuu ziko Musoma, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Kwangwa. Huduma za kibingwa, zikiwemo za afya ya akili, zinapatikana Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwajiri wake, kama ni chuo cha Butiama, yuko wilaya jirani. Nauli na siku za ruhusa anazohitaji kwa safari hizo zote huombwa mara nyingi kwa mkuu yuleyule anayemlalamikia. Ndiyo maana dawati la jinsia na tawi la chama cha wafanyakazi, vikiwa ndani ya chuo, vina umuhimu mkubwa zaidi kwa chuo kilicho mbali na miji mikubwa.

Chuo kinachoendelea kukua kina pia nafasi ambayo vyuo vikongwe vilikosa, yaani kuweka sera, dawati na utaratibu wa rufaa kabla ya desturi mbaya kuzoeleka.

## Mapungufu yanayotajwa

Wakosoaji hutaja mambo kadhaa. Kwanza, kamati za chuo huundwa na wafanyakazi wenza wa mlalamikiwa, na uhuru wao hutiliwa shaka. Pili, siku 60 za kifungu cha 138D ni chache kwa mtu aliye chini ya vitisho. Tatu, faini ya shilingi 200,000 imebaki vilevile huku thamani ya fedha ikishuka. Nne, uonevu usio wa kijinsia wala wa kibaguzi haujapata sheria yake, ukiachia watumishi wa umma kutegemea kanuni za maadili ya utumishi. Tano, mfanyakazi wa mkataba mfupi anaweza kulipiziwa kisasi kimyakimya kwa mkataba wake kutohuishwa, jambo lililo gumu kulithibitisha.

## Katika nchi jirani

Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilipitisha sera na kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia mwaka 2006. Mwaka 2018 kiliunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Sylvia Tamale baada ya malalamiko mapya, jambo lililoonyesha kwamba kuwa na sera tu hakutoshi. Nchini Kenya, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na kuwajulisha wafanyakazi namna ya kulalamika.

## Tazama pia

* Rushwa ya ngono
* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini
* Tume ya Utumishi wa Umma
* Shirika la Kazi Duniani
* Nyasura